Jumapili Mliyomkemea Pepo Bubu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikieni taratibu tu. Mkiitikia kwa nguvu nami nitatamani kujibu kwa nguvu, na daktari amenikataza. Kama huko nyuma hamnisikii, sogeeni mbele, viti vipo. Sauti yangu ndiyo hii, haitaongezeka.

Mimi ni Tumaini, binti wa huyu mama anayewachemshia chai kila Jumapili. Kiswahili changu kina mashimo, mnisamehe. Najua wengi mmeshasikia nusu ya habari zangu, na nusu mliyoisikia ndiyo ile mbaya, kwa hiyo leo niwape yote.

Kwa miaka minane nilikuwa mwimbaji wa bendi. Magitaa mawili, besi, ngoma, na mimi mwanamke peke yangu. Muziki wenyewe huitwa post-hardcore. Wimbo unaanza polepole kama mtu anayewaza, halafu unalipuka, na mwimbaji haimbi tena, anapiga yowe mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Jina la bendi silitaji hapa mbele ya mchungaji. Mama hakuwahi kuweza kulitamka, na siku alipotafsiriwa maana yake alikaa chini.

Mtaniuliza binti wa Kitanzania alifikaje huko. Ndugu zangu, nilifika kwa sababu ya msiba. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na sita, tukiishi mtaa wa Regent Park, hapa hapa mjini. Nyumba ilijaa watu, na kila mama aliyeingia alinishika bega akaniambia, "Jikaze, mama yako asikuone unalia." Nikajikaza. Nilijikaza vizuri mno. Ilipita miaka mitatu bila chozi.

Ndipo Graham, mpiga gitaa niliyesoma naye, akanialika kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake. Walikuwa wanatafuta mwimbaji. Akaniambia niimbe chochote. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio cha kumlilia baba yangu, chote, pale pale mbele ya vijana wanne wa Kizungu na mashine ya kufulia nguo. Wakafurahi sana. Nami nilijisikia mwepesi, sitawadanganya. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu.

Lakini kilio kikishakuwa kazi, kina ratiba. Ijumaa Hamilton, Jumamosi London ya huku huku, si ile ya ng'ambo, Jumatatu tunaanza safari ya Winnipeg kwa gari lisilo na joto, miguu tumeifunga kwa mifuko ya plastiki. Tulilala kwenye sakafu za watu tusiowajua. Wapiga ngoma walikuja na kuondoka, nadhani sita, mmoja aliacha katikati ya safari akapanda basi kurudi kwao. Waliobaki tangu mwanzo ni Graham na mimi. Na kila jioni ilinibidi nimtafute baba tena, nimzike tena mbele ya watu, kwa sababu walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo. Siku nyingine sikumwona. Nilipiga yowe hivyo hivyo.

Bendi yetu ilikuwa na sheria moja: shoo haiahirishwi. Mtu anaumwa, tunapiga. Barafu imefunga barabara, tunasukuma gari. Na mimi nilikuwa na sheria yangu ya kijinga juu ya hiyo, kwamba koo likiuma ndiyo ishara kwamba unasema kweli. Nilipotema damu kidogo nilijiona mwaminifu.

Ndugu zangu, majira ya baridi yaliyopita, kwenye ukumbi mmoja wa Queen Street, nilifungua mdomo, ukatoka upepo. Hakuna kitu. Nikajaribu tena, upepo. Watu wakadhani ndiyo mtindo wetu mpya, wakapiga makofi. Nilisimama pale nikipigiwa makofi, nikajua nimeisha.

Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, sugu kama za kiganja cha mtu wa jembe. Akasema wiki sita za kunyamaza. Hata kunong'ona nisinong'one. Nikipiga yowe moja kabla ya wakati, huenda sauti isirudi. Mama alipompigia Graham simu, Graham akauliza kama wiki ya saba nitakuwa tayari, maana shoo ilikuwa imeshapangwa.

Nikarudi kwa Mama, alikohamia Dixon Road, ghorofa ya kumi na moja, ndege zinapita dirishani. Daftari nimelifunga kwa kamba shingoni, naandika nikitaka chumvi. Miaka yote Mama alinisemesha Kiswahili nikamjibu Kiingereza, mnawajua watoto wenu. Sasa sikuwa na jibu la lugha yoyote. Akasema yeye. Alikata vitunguu akisimulia jinsi baba alivyomchumbia, alivyokuwa akiogopa lifti, alivyolia uwanja wa ndege siku tulipokuja. Sikujua kwamba baba aliwahi kulia.

Wiki ya nne Mama akanileta hapa. Sasa hii sehemu mnaijua, na Baba Yohana ameshaanza kucheka pale kwenye kiti chake cha mkuu wa maombi.

Kwetu hapa tukiomba, kila mtu anaomba kwa sauti na wote kwa pamoja, paa linatikisika. Mama alikuwa jikoni. Koti langu lilikuwa mlangoni, na daftari nilikuwa nimelivua likabaki mfukoni. Nikakaa kimya. Mama Neema, aliyekaa karibu yangu, akaniona. "Binti, fungua kinywa umwite Bwana." Nikatikisa kichwa, nikaonyesha koo. Ndugu zangu, msichana ana michoro mikononi, hasemi, anaonyesha koo lake! Sikulaumu mtu, hata mimi ningeogopa.

Mkanizunguka. Mikono ikanijaa kichwani. Baba Yohana akasema, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, "Bon, huyu mutoto iko na pepo ya bubu." Mkaanza kumkemea pepo. "Taja jina la Yesu! Taja!" Nilitaka kulitaja. Ndilo jina la kwanza nililofundishwa. Na miaka minane nilikuwa nimezoea kwamba umati ukidai sauti, wewe unaitoa. Nikavuta pumzi kifuani, pumzi ile ile ya jukwaani. Nilikuwa naenda kupiga yowe, ndugu zangu, ili mridhike, na sauti yangu ingeishia hapo, kwenye zulia hili.

Ndipo Mama akatokea na chupa ya chai mkononi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwacheni mwanangu. Hana pepo. Amechoka."

Mkaitoa mikono kichwani pangu. Baba Yohana akauliza, "Sasa, mama, tufanye nini?"

Mama akasema, "Tukae naye."

Mkavuta viti mkakaa. Watu arobaini hivi, mmekaa kimya, nasikia mabomba ya joto yanavyogonga na ndege inavyoshuka. Mama Neema alibaki ameshika mkono wangu, hakujua auachie lini. Hakuna aliyedai kitu kutoka kwangu. Hapo ndipo nilipolia. Nililia bila sauti, machozi tu, na kwa mara ya kwanza baba yangu alikuwa amekufa na mimi nilikuwa nimeruhusiwa kulia. Hakuna aliyeniambia nijikaze.

Wiki sita zilipotimia nilimkuta Mama kwenye sinki. Nilikuwa nimewaza sana neno la kwanza litakuwa lipi. Likatoka dogo, limekwaruzika: "Shikamoo, Mama." Sikuwa nimemwamkia hivyo tangu utotoni. Akasema, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kuosha sufuria, lakini ile sufuria ilioshwa muda mrefu.

Neno la pili nilimwambia Graham kwenye simu. Nilimwambia hapana. Akasema na yeye amechoka. Bendi ipo bado, wamepata kijana mwingine. Namwombea koo lake.

Namshukuru Mungu aliyenisikia nikiwa sina sauti. Namshukuru Mama. Nanyi nawashukuru, hata kwa lile kosa, maana bila lile kosa msingekaa chini. Aliye hapa leo na msiba aliojikaza nao, amtegemee Bwana. Yeye hangoji upige yowe.

Msinipigie makofi, tafadhali. Makofi nimepata ya kutosha. Mama Neema, sogea. Baba Yohana, weka chini kipaza sauti. Tukae kidogo.