Mlima Ulioshikwa na Waya wa Kuanikia

Nyumba za barabara yetu ndizo nzuri kuliko zote Yerevani, na anayebisha akapimwe macho. Upande wa barabarani zimevaa suti: mawe ya waridi, matao, mashada ya zabibu yaliyochongwa enzi za Wasovieti, yamenona kiasi kwamba ndege bado wanayadonoa. Sasa pita chini ya tao uingie uani. Huku zimebaki na fulana: mabomba nje, vibaraza vilivyozibwa kila mtu na kioo chake na bati lake, na nguo zinapepea juu kwenye nyaya zinazovuka jengo hadi jengo. Hapo chini ya mforosadi ndipo lilipo benchi la Razmik, aliyeitwa Injinia kwa kuwa alisoma chuo cha ufundi mpaka walimu wakamchoka. La Hrach, aliyeitwa Dado kwa mapenzi ya nardi, mchezo wa kete na dado. Na la Zaven, ambaye asubuhi hiyo alikuwa hajaigusa kahawa yake. Manispaa inakuja kukata nyaya, na wa kwanza ni wake.

— Wakate tu, alisema Dado. Siku hizi zipo mashine za kukaushia.

— Mashine ikukaushe ulimi! Zaven akafoka. Waya ule marehemu mama aliufunga siku tuliyohamia, kitanda hakijapanda hata ngazi. Nepi zangu zimekaukia pale. Shuka za arusi yangu zimekaukia pale!

— Tulia, ndugu yangu. Kitaalamu haukatiki, Injinia akasema, akijimiminia kahawa. Siku ya lile tetemeko la ardhi, jengo letu lililala upande. Nililiona kwa macho haya. Nani alilinyanyua? Mama yako alikuwa ameanika blanketi la sufu, limelowa chapachapa. Uzito ukavuta waya, waya ukavuta jengo, tukasimama wima.

— Blanketi moja?

— La kondoo wa milimani, bwana! Wewe umezoea ya dukani.

— Hiyo ndogo, Dado akadakia. Mchora ramani ya jengo hili alisahau nguzo nzima. Mkaguzi akatoka Moskva, kakunja uso. Wakamwonyesha nyaya: hizi ndizo nguzo, mkubwa, ila zimelala. Akawapa nishani.

— Nishani alipewa mama! Zaven alikuwa amesimama sasa. Kata waya ule uone. Barabara yote inajikunja kama mkeka, na mlima Masis unaburutwa nyuma yake mpaka sokoni!

Alipoutaja Masis, wote wakakohoa na kutazama jengo la pili, dirisha la Haykush. Kapi la mwisho wa waya limefungwa ukutani kwake. Zamani mama wa Zaven aligonga mlango ule na keki mkononi, akaomba ruhusa. Lakini Zaven alipoziba kibaraza chake na kukisogeza nje kiwe jiko, hakugonga mlango wa mtu. Jiko likaziba pengo kati ya majengo, na pengo lile ndilo lililompa Haykush mlima. Tangu hapo, badala ya theluji anatazama kabati la achali lililoziba vioo vya jiko lile. Salamu zikakatika.

Ndipo akaingia binti mmoja kupitia chini ya tao, ameshika koleo.

— Shikamooni, wazee. Naitwa Tatev, natoka manispaa. Waya wa bwana Zaven ni upi?

Wakamweleza wote kwa mpigo: blanketi, Moskva, nishani, mkeka. Binti akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

— Nimeelewa. Majengo yote mawili yakiridhia, mimi siukati. Huku naona mmeridhia mpaka mmepitiliza. Kule kaulizwa nani?

Dado akachungulia kikombe. Injinia akainamisha birika. Yakatoka mashapo matupu.

— Kule… alisema Zaven. Koleo likafunguka. Akavua kofia, akainua uso.

— Haykush! Mama yangu alikuomba, mimi sikukuomba! Kabati nalitoa! Leo hii!

Binti akapanda ngazi ya kwanza kuufuata waya.

Kwii! Kapi likalia. Waya ukaanza kutembea wenyewe, na juu ya vichwa vyao ukapita mfuko umebanwa kwa kibanio, unanukia kahawa iliyosagwa sasa hivi.

— Kunyweni, nyie waongo! Haykush alikuwa amejaa dirishani. Nimewasikia! Eti blanketi! Kapi liko ukutani kwa nani? Jengo lenu nililishika mimi!

Uani kukalipuka vicheko na makofi.

— Kitaalamu, hilo ndilo lenyewe, Injinia akakubali.

Tatev alitumbukiza koleo mkobani, akauliza sukari iko wapi. Birika likarudi motoni. Zaven alikuwa ameshawakokota wenzake juu, na muda si muda mitungi ya achali ikaanza kugongana jikoni.

— Kushoto! Haykush akaamuru kutoka ng'ambo. Kushoto zaidi! Dado, ondoa tumbo!

Dado akaondoa tumbo.

— Hapo! Asisogee mtu! Nauona, nauona mlima mpaka kileleni!

Na Zaven, kabati limemlemea mgongoni, akapaza sauti uani kote wasikie:

— Si niliwaambia? Waya ule ndio unaoshika mlima!