Muuza Vichwa vya Kondoo

Mama aliyekaa ubavuni mwangu kwenye gari la waya linaloning'inia hewani, tukishuka kutoka mji wa mlimani wa El Alto, alidai kuwa Jumapili walikuja watu kumposa binti yake, Yovana. Walisimama mmoja mmoja wakataja jina na kazi kwa Kihispania, kwa pumzi moja: mimi ni fulani, mhandisi, mimi ni fulani, wakili. Zamu yake ilipofika, Yovana akamuwahi: "Mama anapumzika tu nyumbani."

"Nikasimama," alisema, "nikawaambia: mimi ni Primitiva Choque, muuza vichwa vya kondoo vya kuchoma."

Bwana mmoja mwenye tai aliyekaa mbele yetu mle garini, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaguna. "Mama, si ungesema mfanyabiashara? Umemwaibisha mtoto."

"Nimwaibishe! Vichwa hivyo ndivyo vilivyomsomesha. Haya, na wewe kazi yako nini?"

"Mimi ni lisensiado, nina digrii."

"Nimekuuliza kazi, baba, sikukuuliza cheti."

Gari lile likishaning'inia huna pa kushukia, kwa hiyo ilimbidi akae asikilize.

"Leo ndiyo naenda kwao kujibu posa," mama aliendelea. "Yovana kasema nikivitaja vichwa tena, bora nisije. Naenda, na nitavitaja." Kisha sauti ikapungua. "Ila wao ni ukoo mzima, na mimi sina mtu. Twende wote, baba, ukae tu upande wangu. Hata usiseme neno."

Bwana akatazama milima. Gari likaingia kituoni, mlango ukafunguka, na mama akasimama pale akimngoja.