Shati la Kila Alhamisi

Asalaam aleikum, wanawake wenzangu wa Kigombe. Nilisema leo sisimami. Lakini niliyemdhulumu yumo humu ndani, na nikinyamaza nitakuwa nimemdhulumu mara ya pili.

Mwanangu wa kwanza alikuwa baharia. Miaka ile ya foleni ya sabuni na sukari aliona hapa hapakaliki, akapata kazi kwenye meli ya mafuta ya wageni. Ndoa yake haijatimiza mwaka. Huko Ghuba walikuwa wanapigana, na meli yao ikapigwa kombora ikazama.

Mwenzake mmoja, Mpemba, alinusurika, akaja mpaka kwangu. "Mama, nilimshika mkono. Ukaponyoka." Nikamfukuza! Nikasema mwanangu kaogelea tangu hajang'oa meno ya utoto, maji gani hayo yatamshinda?

Mkaza mwanangu akataka kukaa eda. Nikamkatalia. Eda ya nani, maiti iko wapi? Hitima nayo nikaikataza.

Ndugu zangu, nawaambia, nilimfunga mtoto wa watu. Kila Alhamisi nilimfulisha shati jeupe la mumewe, ili akirudi aende nalo msikitini Ijumaa. Sabuni hakuna, anafua kwa majani ya mpapai. Mimi nikiliona linajaa upepo kambani, mikono imenyooka, moyo unanipasuka: yule! Natoka mbio mpaka uani. Shati tu.

Maduka yakaja kujaa, sabuni za kila rangi, naye bado anafua. Alhamisi moja akaniletea shati mikononi, limeachana vipande viwili.

"Mama, shati limekwisha. Na mimi je?"

Nikamtazama. Mvi zimeanza kumtoka. Nikalia kilio nilichokizuia miaka yote ile.

Tukaenda kwa shehe. Akasema eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, basi yake ilikwisha zamani. Miaka yote alikuwa huru, mlango nimeushika mimi. Ijumaa ile mwanangu akasaliwa swala ya ghaibu, na baadaye mkwe wangu nikamwoza mwenyewe, kama binti yangu.

Nawashukuru nyie mlionisomea hitima bila kunisimanga. Yule Mpemba nilimfuata Pongwe, nikamwomba radhi, akanipa. Msimfunge aliye hai kwa ajili ya aliyekufa. Mimi mpaka leo, ikifika Alhamisi, naichungulia ile kamba.

Na wewe uliyekaa mlangoni na mtoto mgongoni, sijapata kukwambia mbele za watu. Nisamehe, mwanangu.