Koti ya Arap Tonui na Majani Iliyoanikwa

Benard arap Tonui amefanya kazi kwa maabara yetu hapa Mogogosiek miaka thelathini na mbili. Alikuwa astaafu Ijumaa tarehe 29 Mei, lakini mbuzi ya kumuaga tunakula Jumatano. Mimi Chepngeno, mwenye kuchumia maabara majani ya chai, bado nimeshtuka. Maxine wa ofisi ananiandikia.

Kazi ya Tonui si kupika chai. Ndani ya jani kuna kitu inafanya chai igeuke nyekundu, wanaita enzaimu. Yeye anaitoa kwa jani mbichi, anaisafisha mpaka inabaki peke yake vile Mungu aliiweka, halafu watafiti wa chuo wanaichukua wakachunguze. Kikapu mzima inatoa kachupa kama ya dawa ya macho. Siku ya kwanza nilimuuliza ile ingine ameficha wapi.

Na anapenda baridi huyo. Nikichuma, majani yanaingia kwa barafu hapo hapo shambani, enzaimu isife. Esnah bibi yake anasema hata nyumbani anafunga friji mara mbili. Lakini hayo ni ya kando.

Alhamisi, siku moja kabla Tonui astaafu, nilimpelekea Calvince majani. Huyo ndiye anashika nafasi ya Tonui, ametoka fektri ya chai. Akaanika kwa meza, akafungua dirisha yanyauke vizuri. Fektri wanafanya hivyo. Hapa umeua enzaimu. Na hiyo oda ya chuo ilikuwa ya mwisho: ikikosekana, wakubwa wanafunga hiyo kazi, na Calvince ana mtoto mchanga.

Tonui akaingia.

“Calvince, umenitengenezea chai na bado sijaenda.”

“Mzee, nimeharibu.”

Akanigeukia, akaniita nyanya kwa Kikalenjin. “Kogo, vidole bado iko?”

Nikamwambia nyanya yake pia alikuwa nazo. Nikarudi shambani na mvua kuchuma ingine.

Tonui akasongesha sherehe mpaka Jumatano, akaweka mikono kwa mfuko ya koti yake ya kazi na hakugusa kitu. Kila kitu alifanya Calvince, yeye anaangalia tu. Jumatatu kijana akadondosha tone moja kwa maji ya kupima. Ikageuka nyekundu kama strungi, ile chai bila maziwa. Enzaimu iko hai, oda imepona.

Hapo Tonui akavua koti akamvalisha Calvince, mikono ya koti ikaishia kwa kiwiko. Nikashtuka tena. Miaka hiyo yote sijawahi kuona shati yake.

Kongoi, arap Tonui, asante kwa kazi. Umekaa kwa baridi ya kutosha. Nenda kwa Esnah ukunywe chai moto, na maisha yako huko iwe mema.