Kanga Ilipoanguka Mbele ya Simu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, mko salama? Katibu amesema anayetaka kusimama asimame, nami nimesimama kabla hajamaliza, maana nikikaa kidogo tu nitaogopa. Najua chama chetu ni cha kufa na kuzikana. Mie sijafa, lakini mwaka huu nilikaribia.

Mnanifahamu. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijatulia. Nimepaka rangi nyumba za watu Boko, nimeuza miwani ya jua Mwananyamala, nimeshona viatu hapa hapa Temeke. Kazi zinaniacha, udadisi hauniachi. Nikiona kitufe, nabonyeza. Siku moja kwenye simu likatokea tangazo: pata mwenza bure, ongea naye kwa video. Ndugu zangu, nawaambia, nilipoona hilo neno "bure" kidole kilikwenda chenyewe.

Huko nikakutana na binti. Mzuri, anasema yuko Tanga. Lakini kilichonimaliza si uzuri, ni salamu. Watu wa kwetu niliwataja mara moja tu, akawashika wote. Kila asubuhi, kabla hajaniuliza mie, anaandika: "Mama mdogo hajambo? Mjomba mguu umepoa? Na mdogo wako anayeposwa, maandalizi yanaendaje?" Sie watu wa pwani, mtu akikuulizia nyumbani mmoja mmoja, unasema huyu kalelewa. Basi nikampa majina yote. Nikamtumia picha ya familia tuliyopiga Idi, nikamweleza nani ni nani. Nikampa na namba zao za simu, hadi ya shemeji mtarajiwa, ili siku akiingia ndani asiwe mgeni.

Chekeni tu, nyie wa nyuma. Bado.

Tukahamia kwenye video. Binti anachana nywele, anatabasamu. Nikimwambia anitaje jina, mtandao unakata. Nikimwambia anipungie mkono, anaandika kwamba hasikii vizuri. Nyuma yake anapita paka, anasimama, analamba mguu, anaondoka. Kesho yake paka yule yule anapita, anasimama palepale, analamba mguu uleule. Mwenye akili angeshtuka kwamba ile ni video ya zamani inarudiwa. Mie nikasema moyoni: paka huyu ana nidhamu.

Mchana mmoja, nyumbani hakuna mtu, akaandika: "Nasikia Wazaramo mnajua kucheza." Hapo amenigusa penyewe. Nikafungulia muziki wa singeli, nikavua nguo, nikajifunga kanga ya mama mdogo, ile iliyoandikwa "Mwenye kujitunza hatangazi." Nikacheza. Akaandika: "Zungusha zaidi." Nikazungusha zaidi. Kanga ikafanya uamuzi wake.

Wazee, nisameheni. Ndani ya kanga hapakuwa na nguo nyingine.

Sijaiokota bado, ujumbe ukaingia. Safari hii hakuuliza hali ya mtu. "Nimekurekodi. Nenda kasajili laini za simu kwa kidole chako, nitatuma bodaboda azichukue. Ukikataa, video naanza na mama mdogo, namalizia na wakwe wa mdogo wako."

Kesho yake, Jumamosi, wakwe walikuwa wanakuja kupokea jibu la posa. Ni Waarabu wenye maduka, watu wa heshima zao, na mdogo wangu alikuwa amesubiri muda mrefu hadi pande mbili zielewane. Nikaona ndoa yake inavunjika kwa sababu ya kiuno changu.

Nikaenda kwa wakala wa laini, anakaa chini ya mwavuli pale barabarani. Akanipa kimashine cha kusoma vidole. Kikakataa. "Futa jasho, braza." Nikafuta. Kikakataa tena. Wakala akanitazama: "Braza, unasajili laini au unajifungua?"

Pembeni yake mama mmoja wa Kinyamwezi anakaanga mihogo. Mnajua Wanyamwezi na sie Wazaramo ni watani, hakuna neno lisilosemeka. Akapaza sauti: "We Mzaramo! Kidole kinavuja hivyo, umeiba nini?"

"Niache, Mnyamwezi."

"Laini zote hizo za nini, na huna hata mtu wa kumpigia?"

Ndugu zangu, nikalia. Mtu mzima, mbele ya mihogo. Nikamweleza yote. Akaipua karai, akakaa.

"Sikiliza, mjinga wangu. Akitapeli watu kwa laini zenye jina lako, polisi watamfuata nani? Na ukimpa, video ataifuta? Kesho atataka lingine. Huyo amekushika kwa sababu nyumbani hawajui. Wakijua, amebaki na nini?"

"Nani atawaambia?"

Akanitazama kama mtu aliyewekewa sinia la pilau. "Mtani wako nani?"

Nikasema ngoja, kwanza namwambia mdogo wangu mwenyewe, maana siku ni yake. Nikamwambia jioni ile. Aliniangalia juu mpaka chini. Kisha akasema: "Kaka, kweli? Kanga ya mama mdogo?" Akafuta machozi, sijui ya kulia au ya kucheka. "Mwache mtani aseme. Afadhali wakwe wacheke mbele yangu kuliko wanong'one nyuma yangu."

Jumamosi wageni wamekaa, kahawa imeshazunguka. Mtani akaingia bila hodi, kanga kiunoni juu ya gauni, ameshika kisahani kama simu. "Wakwe! Kabla hamjachukua jibu, mjue mnaoa wapi! Kaka mtu ndiye huyu, alivua nguo mbele ya paka!" Akacheza yote. Alizungusha vizuri kuliko mie. Kanga akaiachia, akapiga ukelele, akajifunika na mkeka.

Mama mdogo kajifunika uso kwa mtandio. Mjomba anaangalia dari. Mzee wa upande wa pili, ndevu nyeupe, akaweka kikombe chini taratibu.

"Paka?" akauliza.

Mtani akamweleza habari ya paka. Mzee akaanza kutikisika mabega, akavua kofia, akajipepea nayo. Alipopata pumzi akasema: "Mwanangu, kwetu yupo aliyeposa mwanamke wa kwenye simu, hadi mbuzi tukanunua. Bibi harusi hakutokea. Mbuzi tukamla wenyewe." Akamgeukia mjomba: "Haya, tupeni jibu letu."

Jibu likatolewa, na mdogo wangu sasa yuko kwake.

Siku hiyohiyo nikamwandikia yule mtu: "Tuma. Wameshaona kwa vitendo." Akatuma kweli kwa mama mdogo. Mama akafuta bila kufungua, akaniambia neno moja tu: "Kanga yangu uifue." Meseji za yule tapeli sikufuta hata moja; nilizipeleka polisi pamoja na namba yake, nikaripoti ile akaunti, kisha nikamfungia asinipate tena. Hajakamatwa, sitawadanganya. Ila polisi waliniambia wanaume wanaokuja na kesi kama yangu ni wengi, wote wanaanza kwa kusema "ni rafiki yangu yamemkuta."

Namshukuru mdogo wangu kwa kutonikana. Nawashukuru wazee wa pande zote mbili. Na mtani wangu, namwona pale karibu na mlango anajifanya anatazama simu: asante, Mnyamwezi, ingawa mpaka leo unaniuzia mihogo iliyopoa.

Sisemi muache kutafuta wenza kwenye simu; mie mwenyewe bado sina mke. Tafuteni, ila habari za nyumbani zibaki nyumbani. Mtu wa kwenye video mwambie ashike sikio lake, asipoweza, hayupo. Nguo zikae mwilini. Na akikutisha, usimpe kitu, hata kidogo, tafuta mtu umwambie.

Kama hapa yupo mwenye ujumbe unaomkosesha usingizi, nitakuwa nje kwenye turubai tukimaliza. Njoo. Sitakuuliza ulikuwa umevaa nini.