Bi Mizani na Nusu Pointi ya Kikongwe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Mizani anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya kompyuta za sataranji kwa miaka thelathini na miwili.

Alianzia mapokezi. Alihamishiwa chumba cha majaribio baada ya kuwafunga mafundi wawili wakati wa chakula cha mchana, nao wakaona aibu kumwacha mlangoni. Tangu hapo kazi yake imekuwa kupambanisha mashine za zamani na mpya, kisha kutuambia zimepishana nguvu kiasi gani. Mashine hazina mikono, kwa hiyo yeye ndiye aliyezisogezea kete, ameketi katikati kama mama anayetenganisha watoto wagomvi. Kila mchezo aliurudia kwa kubadilishana rangi. Mashine ya zamani aliipa muda wote iliozoea kufikiri, kwani, alisema, ukiikimbiza unapima haraka yako wewe, siyo akili yake. Ushauri ulipigwa marufuku. Hata kukohoa wakati kete ya farasi iko hatarini kulitiliwa shaka, na karani mmoja aliwahi kutolewa nje akiwa na mafua ya kweli.

Mashine ya kwanza aliyoipima ilikuwa Kikongwe, sanduku la mbao lenye vitufe vilivyofutika namba. Enzi zake ilitufunga sote. Mwaka jana, meneja alipotaka rafu ya mashine za zamani iondolewe, alimpa Bi Mizani sharti kwamba Kikongwe ipambane na mashine mpya, tuliyoiita Bwana Harusi kwa jinsi ilivyong'aa. Ikipata walau sare moja, yaani nusu pointi, rafu itabaki. Ikikosa, zote zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bi Mizani alikubali, lakini chai yake ilipoa siku hiyo bila kuguswa.

Kikongwe ilifungwa mchezo baada ya mchezo, hadi fundi wa umeme akaiuliza kama iletewe mto. Katikati ya mchezo wa mwisho umeme ukakatika. Kikongwe hutumia betri, haikushtuka. Bwana Harusi ilizimika, na umeme uliporudi Bi Mizani akaipangia kete pale zilipokuwa. Muda si mrefu mpangilio uleule wa kete ukajitokeza kwa mara ya tatu, jambo ambalo kwa sheria ni sare. Tulipiga makofi. Fundi aliikumbatia Kikongwe.

Bi Mizani hakupiga makofi. Alieleza kwamba Bwana Harusi, baada ya kuzimika, haikujua kuwa mpangilio ule ulikwisha kutokea kabla ya giza. Ingejua, ingeukwepa. Meneja mwenyewe hakuwa amegundua.

“Bi mkubwa, si unyamaze tu,” fundi alimnong'oneza. “Rafu yako hiyo inapona.”

“Nimeipima kwa haki maisha yake yote,” akajibu. “Siwezi kuiokotea sare gizani.”

Akaiingizia Bwana Harusi hatua zote tangu mwanzo hadi pale umeme ulipokatika, mchezo ukaendelea. Safari hii iliukwepa mpangilio ule, na Kikongwe ikafungwa. Wiki hiyohiyo rafu ikabebwa. Bi Mizani aliifuta vumbi mashine moja baada ya nyingine, kisha akaenda kupasha chai.

Leo inaruhusiwa kusema kwamba Kikongwe haikufika kwa wanunuzi wa vyuma. Imekuwa kabatini kwa meneja, ambaye hucheza nayo kila jioni na hajawahi kuifunga. (Haya yameandikwa kwa idhini yake, aliulizwa mara mbili.) Kwa hiyo vipimo vya Bi Mizani ni sahihi hadi leo: Kikongwe imeachwa mbali sana na Bwana Harusi, ila sisi bado hatujaifikia. Ijumaa meneja mwenyewe atamkabidhi Bi Mizani Kikongwe yake, kwa sharti moja tu, kwamba aruhusiwe kwenda nyumbani kwake kujaribu tena.

Bi Mizani, asante kwa kutupimia bila kupendelea, hata pale ulipopenda. Tunakuombea afya njema, mapumziko matamu na betri za kutosha. Meneja akija, usimpe ushauri.