Uzi Mnene kwa Kofia ya Kichanga

Ndani ya basi la kwenda hospitali, bibi mmoja alikuwa akimalizia kofia ya mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa alfajiri hiyo. Muuza maziwa aliyeketi kando yake akachungulia karatasi ya maelekezo.

"Bibi, hapa wanataka uzi mwembamba. Huo si wa blanketi?"

"Mwembamba haukuwepo dukani. Uzi ni uzi, mwanangu."

"Basi ungefuma kwa kamba ya mbuzi! Uzi ukinenepa, mishono hupunguzwa. Ulifuma kwanza kipande cha kujaribia?"

"Mjukuu hangoji vipande," bibi akajibu, lakini roho ilikuwa juu. Akaivuta kofia huku na kule. Ikazidi kutanuka, kama iliyoambiwa itanuke.

Muuza maziwa akaichukua, akamwita kondakta, akamvika. Ikamkaa sawasawa, hadi masikioni. Basi zima likaangua kicheko, na bibi naye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Fumua, bibi!" akasema muuza maziwa.

"Sifumui ng'o! Kichwa kitakua!"

"Kikue leo hii?"

Basi likasimama hospitalini. Bibi akashuka mbio kama msichana, kisha akageuka, akagonga ubavu wa basi kwa kiganja.

"Wewe kondakta! Vua kofia ya mjukuu wangu!"